The African Queen: Muvi ya vita ya kutunga, meli ya kweli ya Kigoma

Mwanamke mmoja, mwanamume mmoja na boti chakavu ya mvuke. Mpango wao ni kushuka mto wenye maporomoko, kupita mbele ya ngome ya Wajerumani, kisha kuizamisha meli ya kivita ziwani. Mtu mwenye akili zake angekataa mapema.

Hiyo ndiyo stori ya The African Queen, filamu ya mwaka 1951 iliyoongozwa na John Huston. Mastaa wake ni Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Bogart alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hii, na ndiyo Oscar pekee aliyowahi kushinda.

Rose na Charlie, wahusika wakuu, hawakuwahi kuwepo duniani. Lakini vita ilikuwepo, tena hapa hapa. Na meli iliyompa mtunzi wazo hilo haikuishia chini ya maji. Ilikuja kubeba abiria, magunia na dagaa wa Ziwa Tanganyika kwa miongo mingi. Ni MV Liemba.

Tahadhari kwa ambao hawajaiona: mwisho wa muvi umetajwa humu.

Stori yenyewe kwa ufupi

Ni mwaka 1914, Afrika Mashariki ya Wajerumani. Rose Sayer na kaka yake ni wamisionari Waingereza kijijini. Charlie Allnut, mwenye boti iitwayo African Queen, anawaletea barua na habari mbaya: Ulaya kumelipuka vita.

Muda si mrefu askari wa Kijerumani wanafika, wanachoma nyumba na kuwaswaga wanakijiji. Kaka yake Rose anaugua na kufariki. Charlie anamzika, kisha anaondoka na Rose.

Charlie anataka wajifiche hadi vita iishe. Rose hataki. Ndani ya boti kuna baruti na mitungi ya oksijeni. Rose anauliza: kwa nini visigeuzwe kuwa makombora ya kuizamisha Louisa, meli ya Wajerumani inayolinda ziwa?

Kuanzia hapo mtazamaji hapumui. Wanapigwa risasi kutoka ngomeni. Shafti inapinda, pangaboi linavunjika. Ruba wanamganda Charlie mwilini. Boti inakwama kwenye matete, na wawili hao wanajilaza wakingoja kufa. Mvua inanyesha usiku, maji yanapanda, boti inaelea na kuingia ziwani.

Wanaposhambulia, dhoruba inapindua boti. Wanakamatwa na kuhukumiwa kunyongwa. Kamba ziko tayari, ndipo Louisa inapoigonga African Queen iliyopinduka na makombora yanalipuka.

Meli ya kweli ilifikaje Kigoma?

Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen, kutokana na gavana wa Kijerumani aliyekuwa madarakani wakati wa Vita ya Maji Maji. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913.

Tatizo lilikuwa njia. Ziwa Tanganyika halina mlango wa kuingilia meli kutoka baharini. Kwa hiyo baada ya kuundwa, meli ilifunguliwa kipande kwa kipande, ikafungwa kwenye makasha yapatayo 5,000 na kusafirishwa hadi Dar es Salaam. Kutoka hapo ikapanda treni. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwanzoni mwa 1914.

Mafundi watatu kutoka Papenburg walikuja nayo, wakiongozwa na Anton Rüter. Waliiunga upya kwa msaada wa vibarua Waafrika, na Februari 1915 ikashushwa majini. Wakati huo vita ilikuwa imeshaanza.

Kwa nini ziwa lilikuwa muhimu hivyo? Tazama ramani. Upande wa mashariki walikuwa Wajerumani, magharibi Wabelgiji wa Kongo, kusini Waingereza. Ziwa lina urefu wa karibu kilomita 670. Mwenye meli kubwa aliweza kuhamisha askari na kuwashusha popote, na adui asiweze kumfuata.

Götzen ilifungwa pia mzinga wa milimita 105 uliotoka kwenye manowari ya Königsberg. Hii ndiyo manowari iliyozamisha meli ya Waingereza, Pegasus, bandarini Zanzibar Septemba 1914. Baadaye ilibanwa kwenye delta ya Rufiji hadi ikaangamizwa Julai 1915. Wajerumani waliiopoa mizinga yake na kuisambaza kwenye vikosi vyao.

Mimi na Toutou: safari inayoishinda muvi

Sasa hapa ndipo historia inapoanza kufanana na sinema.

Aprili 1915, mwindaji wa tembo aitwaye John Lee aliwapelekea wakuu wa jeshi la majini la Uingereza wazo: kama meli kubwa haiwezi kufika Tanganyika, pelekeni boti ndogo zenye kasi. Wakubali.

Zilichaguliwa boti mbili zenye urefu wa mita 12 hivi. Kamanda wake, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kuziita Mbwa na Paka. Wakubwa wakakataa. Akaziita Mimi na Toutou, nao wakapitisha.

Zilisafirishwa kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa treni mpaka Katanga. Reli ilipoishia, zilivutwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba. Mbele yao vibarua wa Kikongo walikata miti, walichonga barabara na kujenga madaraja. Baadaye zikapita Mto Lualaba na treni nyingine, hadi mji ambao leo unaitwa Kalemie.

Desemba 26, 1915, boti hizo ziliiteka meli ndogo ya Wajerumani, Kingani. Februari 9, 1916 wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann.

Ikabaki Götzen. Ilipotokea, Spicer-Simson alikataa kuishambulia. Boti ya mita 12 mbele ya meli ya mita 70 ni panya na tembo.

Basi nani aliizamisha?

Jibu litawashangaza walioona muvi: Wajerumani wenyewe.

Kufikia katikati ya 1916 Wabelgiji walikuwa wanaisogelea Kigoma, na ndege zao zilishaanza kudondosha mabomu. Mzinga mkubwa wa Götzen ulikuwa umeshang'olewa na kupelekwa kwa wapiganaji wa nchi kavu. Mahali pake uliwekwa mzinga bandia wa mbao. Jitu lililotisha ziwa zima lilikuwa limebaki na meno ya bandia.

Julai 26, 1916, meli ilizamishwa kwa makusudi karibu na mdomo wa Mto Malagarasi ili adui asiipate. Kabla ya hapo mafundi walipaka injini grisi nzito isiingie kutu. Waliamini kuna siku itaibuliwa.

Hakukuwa na mlipuko, wala kamba ya kunyongea. Kulikuwa na mafundi waliopaka grisi kwenye mashine waliyoiunga kwa mikono yao, kisha wakaiacha izame.

Muvi ilibadilisha nini?

Filamu inatokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Hata riwaya na muvi hazifanani. Kwenye kitabu, African Queen inazama kwa dhoruba kabla ya kufanya lolote, na boti za jeshi la Uingereza ndizo zinazoimaliza meli ya Wajerumani. Huston alitaka Rose na Charlie washinde wenyewe.

Jiografia nayo imechezewa. Mto wa kwenye stori unaitwa Ulanga na unaelekea ziwani. Ulanga halisi uko upande wa Morogoro, na maji yake yanaingia Rufiji kisha Bahari ya Hindi. Ukiteremka Ulanga ukitafuta Ziwa Tanganyika, utajikuta kwenye mikoko ya pwani.

Picha zenyewe hazikupigwa Tanganyika. Huston na watu wake walikwenda Kongo ya Wabelgiji na Uganda, na sehemu nyingine zikapigwa studio Uingereza. Wengi waliugua tumbo porini. Bogart alizoea kujigamba kwamba yeye alipona kwa sababu alikunywa whisky badala ya maji.

Kwa nini bado inashika roho?

Muvi ya vita yenye historia ya kweli ina tatizo moja: mwisho unajulikana. Kila mtu anajua Ujerumani ilishindwa. Taharuki itatoka wapi?

Ujanja ni kupandikiza watu wadogo wa kutunga ndani ya tukio kubwa la kweli. Unajua vita itaishaje, ila hujui kama Charlie ataamka kesho. Historia inatoa hatari, mtunzi anatoa watu wa kuwaonea huruma.

Jambo la pili ni vitu. Huston haelezi mikakati ya majenerali. Anaonyesha shafti iliyopinda, na watu wawili wanaoinyoosha kwa moto wa kuni. Mtu yeyote aliyewahi kuharibikiwa na gari porini anaelewa jasho lile bila kuambiwa.

Watu ambao kamera haikuwaona

Ila njia hiyo ina gharama. Mtunzi anapochagua nani awe mtu mdogo wa kufuatwa, wengine wote wanabaki kuwa mandhari.

Kwenye The African Queen, Waafrika wanaimba kanisani mwanzoni, wanachomewa nyumba, kisha wanatoweka. Hakuna hata mmoja anayeamua jambo lolote. Baada ya hapo mto unaonekana kama hauna wenyewe.

Vita halisi ilikuwa kinyume chake. Ilitembea kwa migongo ya watu. Pande zote ziliwakamata na kuwaajiri wapagazi wabebe chakula, risasi na majeruhi. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, linatokana na kikosi hicho cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps. Kariokor ya Nairobi vilevile.

Kwa hiyo watu wanaonunua nguo Kariakoo wanataja vita ile kila siku, wengi bila kujua.

Meli ikarudi

Grisi ya mafundi ilifanya kazi. Wabelgiji waliiopoa meli baada ya vita, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, wakakuta mashine zake bado zinafaa. Mei 1927 ikaanza safari kwa jina jipya, Liemba, jina la zamani la ziwa hilo.

Tangu hapo ilikwenda na kurudi kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia. Kwenye vijiji vingi visivyo na gati, mitumbwi iliifuata katikati ya maji kupakia na kushusha watu na mizigo.

Mwaka 1997 ilirudisha wakimbizi Kongo. Mei 2015, maelfu ya Warundi walipokimbilia Kagunga, kijiji cha mpakani kilichobanwa kati ya mlima na maji, Liemba ilitumwa kuwachukua, ikipeleka mamia kwa kila safari hadi Kigoma.

Boti iliyoigiza kama African Queen nayo ipo: inatembeza watalii Key Largo, Florida. Ile iliyoigizwa kama adui ndiyo iliyookoa watu, na bado hakuna muvi kubwa iliyosimulia habari za waliopanda.