Fundi yuko Arusha, kompyuta iko Namanga: ufunguo anashika nani?

Kompyuta ya wakala wa forodha inapogoma saa nne asubuhi pale Namanga, hasara haimsubiri fundi. Lori lisilo na nyaraka halivuki. Dereva anahesabu posho ya siku nyingine, mwenye nyanya anahesabu matenga yanayooza. Fundi anayeaminika yuko Arusha, zaidi ya kilomita 100 kutoka mpakani, au yuko Nairobi, mbali zaidi.

Ndiyo maana ofisi nyingi ndogo za biashara zimezoea programu za msaada wa mbali, kama AnyDesk na TeamViewer, zote za Ujerumani. Fundi anaketi alipo, anaiona skrini ya mteja, anasogeza kipanya na kuandika kana kwamba ameketi kwenye kiti chake. Tatizo lililohitaji nauli na nusu siku linaweza kwisha kwa dakika 10.

Urahisi huo una upande wa pili. Anayeingia kwenye kompyuta ya ofisi anaingia pia kwenye kila kilichofunguliwa humo: barua pepe, hesabu, akaunti ya benki na mfumo wa forodha.

Jinsi inavyofanya kazi

Programu ikishafunguliwa kwenye kompyuta ya ofisi, huonyesha namba. Mteja humtajia fundi namba hiyo kwa simu. Fundi huiandika upande wake, na kwenye skrini ya mteja hutokea ombi: kubali au kataa. Akibonyeza kukubali, kazi inaanza. TeamViewer huongeza neno la siri, ambalo kwa kawaida hubadilika. Huduma ya Chrome Remote Desktop ya Google hutoa namba ya tarakimu 12 inayodumu dakika 5 tu.

Mawasiliano hupita kwenye intaneti yakiwa yamefichwa kwa msimbo, na hakuna haja ya kugusa mipangilio ya modemu. Mtandao ukiwa mzito, fundi hupunguza ubora wa picha ili kazi isikwame na bando lisiishe haraka.

Jambo moja huwasumbua wengi. Windows inapouliza ruhusa ya msimamizi, kwa mfano wakati wa kufunga programu ya printa, skrini ya fundi inaweza kuganda au kuwa nyeusi. Hiyo si hitilafu. Programu haijapewa mamlaka ya msimamizi, kwa hiyo mtu aliyeketi mbele ya kompyuta ndiye anayepaswa kubonyeza “Ndiyo”. Awepo mtu ofisini, na ajue anaidhinisha nini.

Neno la siri la kudumu

Baada ya mara mbili tatu, fundi huomba aweke neno la siri la kudumu ili aweze kuingia bila mtu kukubali. Sababu yake ni ya haki: kompyuta nyingine hutengenezwa usiku, ofisi ikiwa imefungwa. Lakini kuanzia hapo fundi ana ufunguo wa duka, na mara nyingi hakuna anayekumbuka kuudai urudi.

Kwa wafanyabiashara wa kuvuka mpaka jambo hili ni zito kuliko kwa duka la kawaida. Tangu utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha uanze mwaka 2014, mzigo unaoshuka Mombasa kwenda Uganda hutolewa tamko na kulipiwa kodi katika mfumo wa Uganda kabla haujaondoka bandarini. Kompyuta iliyo Kampala ndiyo inayoamua lori liondoke Mombasa au libaki. Kila tamko huingia kwa jina la mtumiaji mwenye akaunti. Thamani ikibadilishwa au mzigo ukitajwa kwa jina lingine, kumbukumbu za mfumo zitaonyesha akaunti ya wakala. Hazitaonyesha kwamba kidole kilichobonyeza kilikuwa mji mwingine.

Maswali ya kuuliza ni machache. Nani ana neno hilo la siri? Je, fundi aliyeacha kazi mwaka jana bado analo? Je, ofisi nzima inatumia neno moja? Kama jibu halijulikani, libadilishwe leo. Kama kazi za usiku si za lazima, uingiaji usio na ruhusa uzimwe kabisa.

Tahadhari za kuchukua

Programu ipakuliwe kutoka tovuti ya kampuni yenyewe, kwa kuandika anwani kwa mkono. Isipakuliwe kupitia kiungo kilichotumwa WhatsApp. Toleo la zamani lisiachwe likae. Februari 2024 AnyDesk ilitangaza kwamba mifumo yake ilikuwa imevamiwa. Ilibatilisha vyeti vyake vya usalama na kuwataka watumiaji wahamie toleo jipya.

Kabla fundi hajaingia, funga akaunti ya benki, mfumo wa forodha na barua pepe. Kwenye mipangilio, zima ruhusa ya kuhamisha mafaili na ile ya kunakili, kisha uziwashe pale tu kazi inapozihitaji. AnyDesk ina uwezo wa kuifanya skrini ya ofisi iwe nyeusi wakati fundi anaendelea na kazi. Ofisi haina sababu ya kuruhusu hilo mchana. Kazi ikiisha, mteja ndiye akate muunganisho.

Kumbukumbu pia zipo. AnyDesk huandika miunganisho iliyoingia katika faili liitwalo connection_trace.txt, na TeamViewer katika Connections_incoming.txt. Mwenye ofisi anaweza kulifungua faili hilo kila mwisho wa mwezi na kulinganisha tarehe na siku alizomwita fundi. Tarehe asiyoitambua ni ya kuuliza siku hiyohiyo.

Simu ya mtu usiyemwita

Matapeli nao wanazitumia programu hizi. Mtu hupiga simu, hujitambulisha kuwa wa benki, wa kampuni ya simu au wa mamlaka ya mapato, husema akaunti ina tatizo, kisha humwomba mteja apakue programu na kumtajia namba. Kwenye simu ya mkononi hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa ujumbe wa namba za uthibitisho husomeka papo hapo kwenye skrini anayoiona tapeli. Benki Kuu ya India ilitoa tahadhari kuhusu mbinu ya aina hii Februari 2019.

Kanuni ya kujikinga ni nyepesi: msaada huombwa na mwenye kompyuta. Anayepiga simu kuleta msaada usioombwa akatiwe, kisha ofisi ipige yenyewe kwa namba rasmi inayoijua.

Leseni na sheria

TeamViewer na AnyDesk ni bure kwa matumizi binafsi tu. Ofisi ya biashara inatakiwa kulipia leseni, na programu ikihisi matumizi ya kibiashara inaweza kuanza kukata muunganisho katikati ya kazi. Asiye na fedha ya leseni anaweza kuangalia RustDesk, ambayo msimbo wake uko wazi na ambayo fundi anaweza kuiendesha kwenye seva yake mwenyewe.

Sheria nazo zimefika. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Nakala za pasipoti za madereva na namba za simu za wateja zilizomo kwenye kompyuta ya wakala ni taarifa binafsi. Fundi wa nchi jirani anapozichukua, taarifa hizo zimevuka mpaka, na sheria hizi zina masharti juu ya hilo. Nchini Kenya, mwenye taarifa zilizovuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wahusika ana saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Makubaliano na fundi yanaweza kutosha kwenye ukurasa mmoja: ataingia lini, kwa ruhusa ya nani, hatachukua faili gani, na siku ya kuachana neno la siri litabadilishwa mbele ya wote wawili. Fundi mwaminifu hatakataa kutia saini, kwa sababu ukurasa huo unamlinda na yeye siku tamko litakapokutwa na kosa ambalo hakulifanya.