Likizo ya bibi na wajukuu: kutoka Geita hadi Saanane

Likizo ya familia nzima ni safari ambayo babu na bibi, wazazi na watoto wadogo huondoka nyumbani pamoja kwa ajili ya mapumziko tu. Geita safari za aina hiyo bado ni chache. Ukoo ukipanda gari moja, mara nyingi kuna msiba, harusi au mtoto wa kupelekwa shule. Hata hivyo, tangu mgodi wa Geita (GGM) uanze kuzalisha dhahabu mwaka 2000 na mkoa uanzishwe mwaka 2012, mji umepata watumishi, wafanyabiashara na wachimbaji wenye kipato cha kutosha kuwatoa wazee wao matembezini. Mara nyingi fedha si kikwazo kikubwa. Kikwazo ni kuchagua mahali ambapo mtoto wa miaka mitatu hatachoka na mzee wa miaka sabini hatajuta kuja.

Wazo la kiwanja kimoja cha burudani kwa wakubwa na wadogo lilipata umaarufu Marekani. Walt Disney alisimulia kwamba alikuwa akiwapeleka binti zake kwenye farasi wa kuzunguka, wao wakicheza na yeye amekaa kwenye benchi, ndipo akawaza mahali ambapo mzazi naye angepata la kufanya. Disneyland ikafunguliwa Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955. Tanzania haina kiwanja cha ukubwa huo. Vinavyokaribia ni viwanja vya maji vya Dar es Salaam, kama Kunduchi Wet 'n' Wild na Fun City ya Kigamboni, vyenye mitelezo na mabwawa ndani ya uzio mmoja. Lakini benchi la Disney halijaondoka. Bibi aliyejifunga kitenge hatashuka kwenye mtelezo wa maji. Atashinda kivulini akilinda mabegi na ndala za wajukuu, na jioni ataambiwa kwamba na yeye alikuwa likizo.

Tena Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Geita. Kwa basi ni siku nzima barabarani, na mtoto anayetapika garini huifanya ionekane mbili. Ndege ya kutoka Mwanza hupunguza adha hiyo, ila tiketi za watu wanane zinaweza kumaliza bajeti kabla mtu hajaona bahari.

Kwa sababu hiyo familia nyingi zingefaidika zaidi kwa kuangalia upande wa ziwa. Mwanza ni zaidi kidogo ya kilometa 100 kutoka Geita, na kwa miaka mingi kilichoifanya iwe mbali kilikuwa kivuko cha Busisi. Magari yalipanga foleni, abiria wakashuka, wakasubiri juani, kisha wakavuka kwa nusu saa hivi. Hesabu hiyo ilibadilika tarehe 19 Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipofungua Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 hivi. Sasa gari huvuka kwa dakika chache. Familia inayoondoka Geita saa kumi na mbili asubuhi inaweza kutembea Mwanza na kurudi kulala nyumbani siku hiyohiyo. Wenye watoto wadogo na wazee wa dawa za presha wanajua kulala kitanda cha nyumbani kuna thamani gani.

Mahali pa kwanza pa kwenda ni Saanane, hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, kisiwa cha mawe kilicho karibu na Capri Point, ndani ya jiji la Mwanza. Kisiwa kina jina la Mzee Saanane, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi hapo kabla serikali haijakifanya bustani ya wanyama mwaka 1964. Kilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Udogo wake ndio sifa yake: boti hufika kwa dakika chache, njia ni fupi, na mtu asiyeweza kupanda mawe hupata kivuli karibu na wenzake. Watoto huona swala, tumbili na pimbi, mnyama mdogo wa mawe ambaye kwa ukoo yuko karibu na tembo, jambo ambalo hakuna mtoto anayelikubali mara ya kwanza. Kinachowashika zaidi ni mjusi. Dume lake lina kichwa na kifua vyekundu vya kukolea, na mwili wa buluu, kama vazi la Spider-Man. Hukaa juu ya jiwe la jua akipiga pushapu, na watoto huchuchumaa hapo hadi wavutwe mkono.

Shida ni boti yenyewe. Wazee wengi wa Kanda ya Ziwa hawajaisahau MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu, wala MV Nyerere, iliyopinduka karibu na Ukara mwezi Septemba 2018. Bibi akisema hapandi, si ukaidi. Asilazimishwe wala asitaniwe mbele ya wajukuu. Avalishwe jaketi la kujiokoa kwanza, aone na watoto wote wamevaa, kisha aulizwe tena. Akikataa, mtu mzima mmoja abaki naye upande wa jiji.

Kuogelea ziwani ni suala jingine, na hapo jibu ni hapana. Maji ya kingo za Ziwa Victoria yana konokono wanaoeneza kichocho, na minyoo yake huingia kupitia ngozi bila mtu kuhisi. Kuna maeneo pia yenye mamba. Watoto wanaotaka maji wapelekwe kwenye bwawa la hoteli lenye mwangalizi.

Bujora, eneo la Kisesa kwenye barabara ya Musoma, ni mahali pa namna nyingine. Makumbusho ya Wasukuma yaliyopo hapo yalianzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, na yanahifadhi ngoma za watemi, viti vya enzi na vifaa vya waganga. Kuna pia maonesho ya namna makundi ya rika yalivyohesabu moja hadi kumi, kila rika kwa maneno yake. Hapa mpangilio wa familia hugeuka: babu, ambaye asubuhi nzima alikuwa akishikwa mkono, ndiye anayeeleza, na mwongoza wageni humwachia nafasi. Hakuna mtelezo wa maji unaoweza kufanya hivyo.

Kisiwa cha Rubondo kimo mkoani Geita kwenyewe, ni hifadhi ya taifa tangu 1977, na boti huanzia sehemu kama Nkome na Muganza. Sokwe wake walitoka kwenye bustani za wanyama za Ulaya, wakaletwa kati ya 1966 na 1969 na kuachiwa huru msituni. Ni pazuri mno, ila kuwafuata sokwe ni mwendo wa porini ambao hauwafai watoto wadogo, na kulala huko kunahitaji kupangwa mapema.

Kuhusu gharama, watoto chini ya miaka mitano hawalipi kiingilio katika hifadhi za taifa, na Watanzania hulipa kwa shilingi, nafuu kuliko wageni. Kinachovunja safari nyingi ni kumwachia mtoto mmoja aliyefanikiwa alipe kila kitu, kuanzia mafuta hadi soda ya mwisho. Afadhali michango itajwe wazi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na wazee wasamehewe.

Familia yenye mtoto asiyefika miaka mitano na mzee mwenye magoti mabovu ianze na Saanane, mwezi wa Juni au Julai, mvua zikiwa zimekwisha na shule zimefungwa. Dar es Salaam isubiri hadi mdogo afikie kimo kinachotakiwa kwenye mitelezo.