Vidakuzi: Kumbukumbu ya tovuti na siri za mgeni wake

Katika kitongoji cha Seven Hills, kiasi cha kilomita 30 magharibi mwa katikati ya jiji la Sydney nchini Australia, maghala na karakana zimepangana karibu na reli na barabara kuu. Siku hizi mteja wa kampuni za eneo kama hilo mara nyingi hakutani nazo kwanza mlangoni, bali hukutana nazo kwenye mtandao wa intaneti, kupitia tovuti zao.

Na kabla hajasoma bei ya bidhaa yoyote, huenda akakutana na ujumbe mfupi chini ya ukurasa: tovuti hii inatumia vidakuzi ili kukuhudumia vizuri zaidi, je, unakubali? Watu wengi hubofya neno la kukubali ili ujumbe uondoke, wakaendelea na shughuli iliyowaleta. Wachache hujiuliza wamekubali nini, na wamempa nani ruhusa hiyo.

Swali hilo si dogo. Sehemu kubwa ya Seven Hills imo katika halmashauri ya Blacktown, ambayo katika sensa ya mwaka 2021 ilikuwa na wakaazi karibu laki 4. Miongoni mwao wamo wahamiaji kutoka pande nyingi za dunia, wakiwemo Waafrika wanaozungumza Kiswahili. Kwa familia iliyofika ugenini, kazi, nyumba, mkopo, daktari na hata mzigo wa kupeleka Mombasa au Dar es Salaam, vyote hutafutwa kwanza mtandaoni. Anayeweza kuona yale ambayo familia hiyo inatafuta, anaweza kujua mengi juu ya maisha yake.

Mtandao usiokumbuka

Ili kuelewa kidakuzi ni nini, ni lazima kwanza kuelewa udhaifu mmoja wa mtandao. Kila mara mtu anapofungua ukurasa, kompyuta yake hutuma ombi kwa kompyuta nyingine iitwayo seva, na seva hurejesha ukurasa ulioombwa. Baada ya hapo, kwa jinsi utaratibu huo ulivyoundwa tangu mwanzo, seva haina kumbukumbu ya aliyeomba. Akifungua ukurasa wa pili, huhesabiwa kuwa mgeni mpya kabisa.

Kwa mtu anayesoma habari tu, jambo hilo halina madhara. Lakini kwa duka ni balaa. Mteja atachagua kipuri cha gari, kisha akifungua ukurasa wa malipo, duka halitajua kwamba ni yeye aliyechagua kipuri hicho.

Ufumbuzi ulipatikana mwaka 1994, pale Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape ya Marekani, alipobuni njia ya kuifanya seva iweke maandishi mafupi ndani ya kompyuta ya mgeni. Kila mgeni huyo anaporudi, programu yake ya kufungulia kurasa, yaani kivinjari, huyarudisha maandishi hayo kwa seva ileile iliyoyaweka. Kwa Kiingereza maandishi hayo yalipewa jina la aina ya biskuti, na ndiyo sababu baadhi ya watu huyaita kuki. Katika Kiswahili cha kompyuta, neno lililoenea ni kidakuzi, au vidakuzi yakiwa mengi.

Mfano ulio karibu ni wa duka kubwa ambalo mnunuzi hukabidhi mkoba wake mlangoni, akapewa kibao chenye namba. Kibao chenyewe hakielezi lolote juu ya mkoba, lakini mlinzi akiiona namba, anajua mara moja ni mkoba upi na uko wapi. Kidakuzi nacho mara nyingi huwa na namba tu. Maelezo yenyewe, kama vile bidhaa zilizochaguliwa na kurasa zilizofunguliwa, hubaki katika seva ya kampuni.

Msaada kwa mgeni

Kwa hiyo si kweli kwamba kila kidakuzi ni cha kupeleleza. Chukulia kampuni inayouza vifaa vya ujenzi kutoka ghala la Seven Hills. Kidakuzi huwezesha kapu la mteja libaki na vitu vyake anapohama kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Humwezesha aliyejitambulisha kwa neno la siri asiulizwe tena katika kila ukurasa. Huhifadhi pia lugha aliyoichagua, au mji anaotaka kuletewa mzigo.

Kuna vidakuzi vya aina nyingine vinavyoisaidia kampuni kujihesabu: ni wageni wangapi wamekuja, ni ukurasa upi unawachosha wakaondoka, ni fomu ipi inayoachwa katikati. Kampuni ikigundua kwamba wateja wengi hukwama kwenye fomu ya kuomba bei, inaweza kuirekebisha.

Baadhi ya vidakuzi hufutika mara mtu anapofunga kivinjari. Vingine huwekewa muda, ambao unaweza kuwa siku, miezi au zaidi. Kivinjari cha Chrome, kwa mfano, tangu mwaka 2022 hakiruhusu kidakuzi kipewe maisha ya zaidi ya siku 400.

Inafaa pia kuondoa hofu isiyo na msingi. Kidakuzi ni maandishi. Si programu, na si kirusi cha kompyuta. Hakiwezi kufungua picha wala barua zilizohifadhiwa katika simu. Hatari yake iko kwingine.

Mgeni wa tatu katika mazungumzo

Hatari hiyo huanza pale ukurasa wa kampuni moja unapobeba vitu vya kampuni nyingine: tangazo, video, kitufe cha mtandao wa kijamii, au picha ndogo mno isiyoonekana kwa macho. Kila kimoja kati ya vitu hivyo huitwa kutoka seva ya mwenyewe, na seva hiyo nayo inaweza kuweka kidakuzi chake.

Turudi kwenye mfano wa mkoba. Ikiwa mlinzi mmoja tu ndiye anayetoa vibao mlangoni mwa maduka mia moja, na kila mnunuzi hubaki na kibao kilekile, mlinzi huyo atajua kwamba mtu mwenye namba fulani asubuhi alikuwa duka la dawa, mchana kwa wakopeshaji fedha, na jioni kwa wakala wa nyumba. Huenda asilijue jina lake. Lakini amejua hali yake, na ujuzi huo una thamani kwa wauzaji wa matangazo.

Hapo ndipo mtu aliyetafuta bei ya kusafirisha kontena anapoanza kuona matangazo ya makontena kila anakokwenda mtandaoni. Kwa makontena, jambo hilo laweza kuchekesha. Lakini aliyesoma habari za ugonjwa, au za madeni, au za namna ya kuondoka katika ndoa yenye ukatili, hana sababu ya kucheka. Tangazo halijui ni nani aliyeketi mbele ya kompyuta. Katika nyumba ambamo watu watano hutumia kifaa kimoja, tangazo linaweza kumfunulia mmoja yale ambayo mwingine aliyatafuta kwa siri.

Wasiwasi huu si mpya. Magazeti yalianza kuuandika mwaka 1996, wakati ambapo watumiaji wengi hawakujua kabisa kwamba vidakuzi vipo. Baadaye watengenezaji wa vivinjari walichukua hatua. Mwaka 2019 Firefox ilianza kuzuia vidakuzi vya wafuatiliaji bila ya mtumiaji kuomba, na mwaka 2020 Safari ya kampuni ya Apple ikazuia vidakuzi vyote vya kampuni za nje. Google nayo ilitangaza mwaka 2020 kwamba Chrome ingefuata njia hiyo, lakini baada ya kuahirisha mara kadhaa, mwaka 2024 iliachana na mpango huo.

Sheria ya Ulaya, mlango wa Australia

Ujumbe wa kuomba ruhusa ulienea kutokana na sheria za Umoja wa Ulaya. Agizo la mwaka 2002, lililorekebishwa mwaka 2009, linataka mtumiaji apewe maelezo na akubali kabla ya kuwekewa vidakuzi visivyo vya lazima. Kanuni ya jumla ya ulinzi wa taarifa, iliyoanza kutumika Mei 25 mwaka 2018, ikaimarisha maana ya kukubali. Na Oktoba 1 mwaka 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kisanduku kilichokwisha kutiwa alama ya ndiyo mapema hakihesabiwi kuwa ni ridhaa.

Sheria hiyo ina meno. Mwezi Januari mwaka 2022, mamlaka ya Ufaransa inayosimamia ulinzi wa taarifa ilitangaza kuitoza Google faini ya euro milioni 150 na Facebook euro milioni 60. Kosa lilikuwa kwamba kukubali vidakuzi kulihitaji kubofya mara moja, ilhali kukataa kulihitaji hatua kadhaa.

Australia haina sheria maalumu ya vidakuzi kama hiyo. Kampuni ya Seven Hills inaweza kuonyesha ujumbe huo kwa sababu inauza bidhaa Ulaya, au kwa sababu tu imenunua programu ya tovuti iliyokuja nao. Kinachotumika Australia ni Sheria ya Faragha ya mwaka 1988, pamoja na kanuni zake 13 zilizoanza kutumika mwaka 2014. Kanuni hizo zinaitaka kampuni ieleze waziwazi inakusanya taarifa gani binafsi na kwa madhumuni gani, na zinampa mtu haki ya kuona taarifa zake na kuomba zisahihishwe.

Lakini lipo pengo, nalo linagusa hasa eneo la biashara ndogo ndogo. Kwa kawaida, sheria hiyo haizihusu biashara ambazo mapato yake kwa mwaka hayazidi dola milioni 3 za Australia. Baadhi ya biashara hazipati msamaha huo hata zikiwa ndogo, kwa mfano zinazotoa huduma za afya au zinazouza taarifa za watu. Hata hivyo, karakana nyingi na maduka mengi yanaweza kuwa nje ya sheria hiyo.

Marekebisho yameanza. Sheria iliyopitishwa mwishoni mwa mwaka 2024 imempa mtu haki, tangu Juni 10 mwaka 2025, ya kushtaki mahakamani anapoingiliwa faragha yake kwa kiwango kikubwa. Na mwezi Novemba mwaka 2024, Ofisi ya Kamishna wa Habari wa Australia ilitoa mwongozo juu ya zile picha ndogo zisizoonekana, ikisisitiza kwamba kampuni inayoziweka katika tovuti yake ndiyo inayowajibika kuhakikisha sheria inafuatwa. Haitoshi kusema kwamba zimetengenezwa na mtu mwingine.

Na Afrika Mashariki je?

Wahamiaji wengi hutumia pia tovuti za kampuni za nyumbani: mabenki, mashirika ya ndege, wauza viwanja. Huko nako sheria zimebadilika. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019. Tanzania ilipitisha yake mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1 mwaka 2023, na kuunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Sheria ya Kenya haiziachi nje biashara ndogo kama ile ya Australia. Biashara yenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 inaweza kusamehewa kujisajili, lakini haisamehewi wajibu wa kulinda taarifa. Basi Mkenya aliyeko Seven Hills akinunua kiwanja kupitia tovuti ya kampuni ya Nairobi, kampuni hiyo inabanwa na sheria ya Kenya. Akinunua matofali kwa jirani yake wa Sydney, huenda muuzaji asibanwe na sheria yoyote ya faragha. Uraia wa mnunuzi sio unaoamua, bali ni mahali ilipo kampuni na mahali alipo mteja.

Hatua za kuchukua

Pamoja na yote hayo, mtumiaji hakuachwa mikono mitupu. Hatua ya kwanza ni kutafuta neno la kukataa au la kuchagua kabla ya kubofya la kukubali. Vidakuzi vya lazima vitabaki, na kapu la manunuzi litaendelea kufanya kazi. Vya matangazo ndivyo vinavyoweza kukataliwa.

Hatua ya pili ni kufungua mipangilio ya kivinjari na kuzuia vidakuzi vya kampuni za nje, kisha kufuta vile vya zamani mara kwa mara. Anayefuta ajue kwamba atatakiwa kuandika tena neno lake la siri katika tovuti alizojisajili.

Hatua ya tatu inawahusu wanaotumia kompyuta za maktaba au za rafiki. Kufunga dirisha tu hakutoshi. Ni lazima mtu ajiondoe katika akaunti yake, kwa sababu kidakuzi kilichobaki kinaweza kumfungulia mlango anayefuata kuketi. Kwa shughuli nyeti, dirisha la faragha la kivinjari hufuta vidakuzi vyake linapofungwa, ingawa haliifichi safari ya mtu mbele ya tovuti anayoitembelea.

Hatua ya nne ni kulalamika. Nchini Australia, malalamiko hupelekwa kwanza kwa kampuni yenyewe kwa maandishi. Siku 30 zikipita bila jibu, au jibu lisiporidhisha, hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Habari bila malipo. Asiyekimudu Kiingereza anaweza kupata mkalimani kwa simu kupitia huduma ya taifa ya ukalimani, namba 131 450.

Kwa upande wa kampuni, faida ya uwazi ni dhahiri. Mteja aliyeelezwa kwa lugha nyepesi ni kidakuzi kipi cha kapu na kipi cha matangazo, hana sababu ya kushuku vyote. Lakini ujumbe ulioandikwa ili usisomwe huweza kuipatia kampuni ridhaa ambayo mwenyewe hakujua kuwa ameitoa, na ridhaa ya namna hiyo ndiyo ambayo mahakama za Ulaya zimekwisha kuikataa.