Maporomoko Yaliyobaki Kwenye Kioo

Sisi tuliolelewa pwani twajua hori: mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, mikoko pande zote mbili. Huko Norwe mikono hiyo huitwa fiyodi, ila kingo zake ni majabali yaliyosimama wima, na kilichoichimba ni barafu ya kale iliyoteremka kutoka milimani. Fiyodi ya Hardanger huingia bara kiasi cha kilomita 180, na mwishoni mwa tawi lake moja kuna mji wa Odda.

Odda ilikuwa kijiji tu alipozaliwa Knud Knudsen, mwaka 1832. Alifungua studio mjini Bergen mwaka 1864, lakini hakuridhika kukaa ndani akingoja wateja. Alishika njia, akavizunguka vijiji vya fiyodi, ambako mashua ilifika kwa urahisi kuliko gari la farasi.

Wenye kamera ndani ya simu tumedekezwa. Mpiga picha wa siku zile alisafiri na kamera ya mbao, vioo vizito, chupa za dawa na hema la giza. Kioo kilipakwa dawa papo hapo, kikawekwa kamerani kikiwa kibichi, kisha picha ikasafishwa kabla dawa haijakauka. Akichelewa, kazi yote imepotea. Na kwa kuwa kioo kilihitaji kukaa kwenye mwanga kwa muda, maji ya kasi hayakunaswa tone kwa tone. Yalitoka meupe, laini, kama pamba iliyochambuliwa.

Ndivyo yanavyoonekana maporomoko ya Skjeggedal, milimani karibu na kwao, katika picha zake. Wageni walikuwa wakienda huko kuyatazama. Mwaka 1908 umeme ukaanza kuzalishwa Tyssedal, jirani na Odda, kwa nguvu ya maji ya milima hiyo hiyo. Viwanda vikaja, na mishahara pamoja navyo. Siwalaumu wenyeji, mzazi hawezi kumpikia mtoto mandhari. Lakini maji yaliyokuwa yakishuka hadharani yakaelekezwa mabombani.

Knudsen alifariki mwaka 1915, bwawa kubwa la Ringedal likiwa bado linajengwa. Vioo vyake vimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Bergen.

Siku hizi wasafiri hupanda hadi Trolltunga, ulimi wa jabali uliochomoza mita 700 hivi juu ya ziwa, wakapigana picha. Ziwa hilo linalopendeza chini ya miguu yao ndilo bwawa lenyewe.