Mvua isiyokoma kilindini mwa bahari

Mvua inyeshapo nchi kavu, kila mtu huiona. Lakini ipo mvua nyingine inyeshayo usiku na mchana ndani ya bahari kuu: mabaki ya mimea midogo mno, vinyesi vya wanyama wadogo, maganda ya chokaa na vumbi lililopeperushwa kutoka barani. Wataalamu huiita theluji ya bahari.

Umuhimu wake si haba. Mimea hiyo, ikiota karibu na uso wa maji, hunyonya hewa ya kaboni, ile ile inayoongeza joto duniani. Mabaki yakizama, huteremka na sehemu ya kaboni hiyo. Nyingi huliwa au kuoza njiani, lakini ile kidogo inayofika kilindini yaweza kukaa huko kwa mamia ya miaka.

Je, mvua hiyo hupimwaje? Wanasayansi hutumia mtego wenye umbo la faneli, uliofungwa kwenye kamba iliyotiwa nanga sakafuni mwa bahari na kuinuliwa kwa maboya. Chini ya faneli mna chupa zilizopangwa kwa duara. Mtambo huzizungusha kwa zamu, kila chupa ikipokea chembe za majuma mawili hivi. Miezi ikipita, meli huenda kuutoa mtego huo.

Karibu na Bermuda, katika Bahari ya Atlantiki, mtafiti Werner Deuser wa taasisi ya Woods Hole, Marekani, alianza kazi hiyo mwaka wa 1978, kina cha mita 3,200. Kabla ya hapo, wengi walidhani kilindi hakijui misimu. Mitego ilifichua kinyume: mimea inapostawi juu, chembe huongezeka chini muda mfupi baadaye.

Hali kama hiyo ilionekana katika Bahari ya Arabuni, ambako watafiti wa Ujerumani na India walianza kutega mwaka wa 1986. Huko chembe huzidi wakati wa pepo za msimu, zile zile ambazo wavuvi wa pwani yetu huziita kusi na kaskazi.

Hata hivyo, kipimo cha mwaka mmoja hakitoshi, kwani miaka hailingani. Ni rekodi ya miongo tu iwezayo kutenganisha mabadiliko ya kawaida na yale ya kudumu. Kazi hiyo ni ghali, lakini ikikatizwa, chembe zilizopita bila kunaswa hazirudi. Maji yakimwagika hayazoleki.