MAJI UKIYAVULIA NGUO

Ndugu msomaji, ukiamka mapema siku ya Jumapili na kusimama kando ya barabara yo yote ya Temeke au Kinondoni, utawasikia kabla ya kuwaona. Ni vilabu vya jogingi: vijana kwa wazee, wake kwa waume, wamevaa fulana za rangi moja, wanakimbia polepole huku wakiimba. Mwandishi wa makala haya alijiunga na kundi moja la namna hiyo alipotimiza miaka 44. Sababu haikuwa kupenda michezo. Sababu ilikuwa woga.

Rafiki yangu tuliyefanya kazi meza kwa meza, rika langu kabisa, aliangushwa na kiharusi asubuhi moja alipokuwa akifunga viatu. Hakufa, lakini ulimi wake, uliokuwa mwepesi kuliko wetu sote, ukawa mzito, na mkono wa kuume ukakataa kalamu. Wala msiba huo si wa mtu mmoja. Kati ya mwaka 2003 na 2006 wataalamu waliwahesabu wagonjwa wa kiharusi katika wilaya ya Hai na katika jiji la Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha tofauti za umri waliona kwamba, kwa kila watu 100,000, Hai ilipata wagonjwa wapya wapatao 109 kwa mwaka, na Dar es Salaam wapatao 316. Adui mkubwa katika habari hii ni shinikizo la damu, na mwili usiotumika humsaidia adui huyo.

Baada ya mwaka mmoja wa kukimbia, magoti yangu yakaanza kulalamika. Mwenzetu mmoja akanishauri nigawanye mzigo: siku moja miguu, siku moja baiskeli, siku moja maji. Ndipo nilipopata habari za triathloni, mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia mfululizo pasipo kupumzika. Mchezo huu, kwa namna ujulikanavyo siku hizi, si wa kale. Ulianza San Diego, Marekani, mwezi wa Septemba 1974, kwa washindani 46 tu. Na mwaka 2000 ukaingia katika Michezo ya Olimpiki ya Sydney. Huko huogelewa kilometa 1.5, huendeshwa baiskeli kilometa 40, na hukimbiwa kilometa 10. Aanzaye hufanya nusu yake.

Baiskeli nilinunua ya mtumba. Kila Jumamosi alfajiri nilitoka Temeke hadi Kurasini, nikavuka Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016, nikaingia Kigamboni. Humo njiani nilijifunza kwamba mwenye baiskeli ni yatima wa barabara: lori lamsukuma kando, daladala yamkatia njia, na bodaboda yampigia honi kwa nyuma. Lakini hayo yote ni afadhali kuliko maji.

Mimi nilizaliwa bara. Katika shule ya misheni tulikimbia miguu mitupu mpaka tukachoka, lakini mtoni tulikatazwa kwa ajili ya mamba na kichocho. Nikaishi jijini miaka ishirini, bahari i mlangoni, nisijue kuogelea. Mwalimu wangu akawa kijana mvuvi wa Kigamboni, mwenye umri wa mwanangu wa kwanza.

"Shikamoo, mzee," aliniamkia siku ya kwanza. Nikaitikia marahaba. Kisha akaniamuru nitie uso majini na kutoa pumzi humo humo. Nilirusha mikono kama mtu afukuzaye nyuki. Akacheka kwa adabu: "Mzee, unapigana na maji. Maji hayapigwi. Yaachie yakubebe."

Wiki ya nne nikajitia ushujaa. Ilikuwa siku ya bamvua, maji yanakupwa kwa kasi, nami nikapita alama aliyoniwekea. Nilipotaka kusimama sikuukuta mchanga. Nikameza chumvi, nikaona ufuo unarudi nyuma. Yule kijana alinifikia, akanishika kwapani, akanivuta, si kwa kushindana na mkondo, bali kwa ubavu wake, mpaka tukakanyaga chini. Hakunikaripia. Alisema tu, "Kesho tutarudi, mzee, kabla maji hayajaanza kupwa." Mke wangu atayajua haya atakaposoma hapa.

Usiku ule niliazimia kuacha. Lakini nilipojihoji vema, niliona kwamba kilichoniuma zaidi si ile chumvi. Ni haya: mtu mzima, baba wa watoto, kuamriwa na kijana na kushindwa mbele yake. Na haya hiyo hiyo ndiyo iliyomzuia rafiki yangu kwenda kupimwa damu, ingawa kichwa kilimuuma miezi mingi. Aliona aibu kuonekana mgonjwa. Asubuhi nikarudi majini.

Wako waliochelewa kuliko mimi. Madonna Buder, mtawa wa Marekani, alianza kukimbia akiwa na miaka 48. Alifanya triathloni yake ya kwanza akiwa na miaka 52. Na mwaka 2012, kwa umri wa miaka 82, alimaliza huko Kanada ile ndefu iitwayo Ironman: kuogelea kilometa 3.8, baiskeli 180, na marathoni juu yake.

Miezi minane baadaye, watu watano tulipatana kujipima Kigamboni: mita 750 majini, kijana wangu akinifuata kwa ngalawa; kilometa 20 kwa baiskeli; kilometa 5 kwa miguu. Niliposhuka kwenye baiskeli miguu ilikuwa kama magogo, kwani misuli iliyozoea kuzungusha hukawia kukumbuka kukimbia. Nilimaliza wa mwisho, kwa saa mbili kasoro dakika tatu. Chini ya mnazi aliketi rafiki yangu na fimbo yake, ameshika saa kwa mkono wa kushoto. Akaitazama saa, akanitazama mimi, akalitoa neno lake polepole: "Umechelewa."

Ni kweli, ndugu msomaji, lakini nimefika. Si lazima kila mtu afanye michezo mitatu. Yatupasa, hata hivyo, kuwafundisha watoto wa mji huu wa pwani kuogelea wakiwa wadogo. Na sisi wakubwa tusione haya kupimwa damu, wala kufundishwa na wadogo zetu. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.