Fuso la Ng'ombe: Kabla Hujaliuza, Lala Chini Yake

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nimelala chali juu ya kipande cha boksi, Kongowe, chini ya Fuso tandam la mzee mmoja aliyeniita nimsaidie kuamua. Mkono mmoja bisibisi, mkono wa pili tochi ya simu. Huko juu bodi lilikuwa limeoshwa, mbavu zake za chuma zimepigwa rangi ya bluu, na dereva alikuwa akipitisha kitambaa kwenye kioo. Huku chini, kati ya bodi na chesisi, kuna ubao mrefu uliolazwa ili vyuma viwili visisagane. Nilichoma bisibisi ubavuni mwa ubao ule, ikazama kama imeingia kwenye boga lililoiva. Nilipoichomoa, magamba ya kutu yakanimwagikia kifuani, na harufu ya zizi ikashuka nayo.

"Mwanangu, unasemaje?" mzee aliuliza akiwa ameinama pembeni ya tairi. "Niuze sasa, au nisubiri Idi?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, niletee kwanza daftari la safari."

Nafanya hesabu za wasafirishaji wadogo, kuanzia Mbagala na Chamazi upande wa Temeke hadi Tegeta na Bunju upande wa Kinondoni, na swali la mzee huyu nalisikia kila mwaka. Karibu wote huanza na bei: "Fuso kama hili linakwenda shilingi ngapi?" Bei hupatikana. Kinachomponza mwenye gari ni kutojua analiuza kwa sababu gani, na kutojua ni kitu gani hasa anauza.

Gari la kubeba wanyama ni gari la kazi moja. Ng'ombe anayeliwa Dar es Salaam hatoki Dar es Salaam. Anatoka Dodoma, Singida, Shinyanga, Simiyu, anashushwa mnadani Pugu, kisha anaelekea Vingunguti na machinjio mengine. Zamani kazi hii ilifanywa na reli ya kati kwa mabehewa ya mifugo, na watu wazima wa Kinondoni wanakumbuka kwamba viwanja vya Tanganyika Packers pale Kawe vilikuwa kiwanda cha nyama ya makopo. Leo mzigo huo umebebwa na malori. Kwa hiyo lori la ng'ombe lina soko, ila ni soko la watu wanaojuana: wafanyabiashara wa mnadani, matajiri wa magari na madereva wao. Ukimtangazia kila mtu, utapigiwa simu na watu mia wasionunua.

Nchi za wenzetu zina magari maalumu ya farasi. Kwetu farasi ni wa kuhesabu, wengi tunawaona tu polisi wa Kikosi cha Mbwa na Farasi wanapopita, kwa sababu ndorobo na maradhi ya nchi za joto viliwanyima farasi nafasi katika sehemu kubwa ya nchi hii tangu enzi za misafara. Lakini anayenunua gari la farasi Uingereza, akijua anachofanya, huanza kwa kukagua sakafu, na hapo yeye na mnunuzi wa Pugu ni ndugu. Mkojo wa mnyama una chumvi na urea. Urea ikioza hutoa amonia, chumvi huvuta unyevu na kuushikilia, na chuma kilicho chini hakikauki hata jua likiwaka. Ongeza hewa ya pwani. Ng'ombe ishirini na kitu wakisimama usiku kucha kutoka Dodoma, unaoshuka kwenye nyufa za mbao si mkojo wa kupanguswa.

Hukaa wapi? Hukaa kwenye ubao ule niliouchoma. Ubao hunyonya, huvimba, hubaki mbichi, na chesisi iliyo chini yake huliwa taratibu bila mtu kuona. Pia hukaa kwenye vichwa vya yu-bolti zinazofunga bodi, kwenye mabomba ya breki yanayopita juu ya difu, na kwenye soketi za taa za nyuma. Ndiyo maana ukikuta lori la ng'ombe limepakwa rangi nyeusi mbichi chini, usifurahi. Gonga kwa nyundo ndogo na usikilize: chuma kizima hulia, chuma kilichooza hujibu kwa sauti ya debe lenye mchanga. Na wewe unayeuza, gonga kabla mnunuzi hajagonga. Wengi huosha gari kutoka juu, maji yanasukuma uchafu kwenye nyufa zilezile. Linatakiwa kuoshwa kutoka chini, kwa maji mengi baridi, siku ileile lilipotoka mnadani.

Tulirudi kwenye daftari. Nitaweka tarakimu za mfano, msomaji naye aweke zake. Tuseme kila safari, baada ya mafuta, posho ya dereva na utingo na gharama za njiani, tajiri anabakiwa na shilingi 900,000. Safari 3 kwa mwezi, miezi 10 ya kazi, maana miezi 2 inaishia gereji na kwenye mvua: milioni 27. Hapo ndipo wengi hufunga daftari na kusema gari linalipa. Endelea. Tandam ina tairi 10. Ukibadilisha zote kwa 650,000, milioni 6.5 zimekwenda. Bima, leseni ya LATRA na kodi, tuseme milioni 3.5. Gereji, milioni 8. Zimebaki milioni 9. Sasa weka kitu ambacho hakimo katika daftari la dereva yeyote: gari ambalo leo lina thamani ya milioni 45, baada ya mwaka mmoja wa ng'ombe litakuwa na thamani ya milioni 38. Milioni 7 nyingine zimeliwa na kutu na kilomita. Mwaka mzima wa kupigiwa simu usiku kutoka Vigwaza umekuachia milioni 2. Milioni 45 hizo zikiwekwa mahali zinapozaa asilimia 10 tu kwa mwaka, zinaleta milioni 4.5 nawe umelala.

Hesabu hii inaweza kugeuka. Gari likiwa na mzigo wa kurudi, saruji au vinywaji vya kupandisha bara, au likiwa na safari 5 badala ya 3, jibu ni kubaki nalo. Sisemi kila Fuso liuzwe. Nasema swali liulizwe kwa mwaka unaokuja, si kwa miaka iliyopita.

Mzee alikuwa na hoja moja ambayo nimeisikia kwa matajiri wengi: "Nimetoka kuweka injini juzi tu, milioni 12. Nitauzaje sasa?" Ile milioni 12 imekwishazama. Haitarudi kwa kubaki na gari, wala haitapotea zaidi kwa kuliuza. Cha kujiuliza ni kama injini mpya itafanya mwaka ujao uwe na gereji ya milioni 4 badala ya 8, na kama chesisi iliyo chini ya injini hiyo itaishi muda wa kuifaidi. Kwa gari lile, bisibisi ilikuwa imeshajibu.

Kuliegesha nyumbani hadi upate bei nzuri pia ni gharama. Tangu ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa mwaka 2017 na mzigo wake kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, watu wamezoea kusema gari lililosimama halidai kitu. Linadai. Tairi zinapasuka pembeni, breki zinashika, na ubao ule wenye mkojo unaendelea na kazi yake usiku na mchana.

Kuhusu Idi, mzee alikuwa na nusu ya ukweli. Idi ya Kuchinja huleta ng'ombe wengi mjini, na inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo ni lazima uitafute kwenye kalenda. Lakini mnunuzi wa lori halitafuti wiki ya sikukuu. Analitaka miezi 2 kabla, apate muda wa kubadilisha jina, kukata bima na kupiga safari kadhaa. Ukiuza baada ya Idi, unauza jembe baada ya mavuno.

Njia za kuuza ziko tatu, na watu huchagua ya kwanza bila kuzipima. Unaweza kuuza gari zima na bodi lake kwa mtu wa mifugo. Huyu haogopi harufu, ila anajua pa kugonga. Unaweza kushusha bodi, ukaliuza peke yake kwa mwenye lori jingine, na ukauza kichwa na chesisi kwa mtu wa mchanga au matofali, na mji unaojengwa kila kona kama Chamazi na Bunju hauishiwi watu hao. Au, chesisi ikiwa imekufa, unalichinja: injini, gia boksi, difu na kichwa vinauzwa kimoja kimoja, mabaki yanakwenda skrepa. Kuchinja kunauma moyo, lakini gari ambalo chesisi yake inapinda ukilipakia linaweza kuua watu njiani, na kumficha mnunuzi jambo hilo ni dhambi kabla ya kuwa kesi. Njia ya pili ndiyo inayosahaulika zaidi, na mara nyingi jumla yake huzidi bei ya gari zima. Ina shughuli moja: kadi ya gari huonyesha aina ya bodi, namba ya chesisi na namba ya injini. Ukibadilisha bodi, au kama uliwahi kuweka injini ya mtumba ya Gerezani na hukuisajili, yanyooshe hayo TRA kabla ya mnunuzi kuja na mkaguzi wake.

Dalali unaweza kumtumia, lakini mpe bei ya chini kabisa unayokubali na kamisheni yake kwa maandishi. Bila hivyo ataweka cha juu, utapata milioni 36 kwa gari lililolipiwa 41, na utakuja kulisikia mnadani.

Kabla ya dalali, mwambie dereva. Yeye ndiye anayepigiwa simu na wanunuzi kwa siri, naye ndiye anayejua gia ya tatu inaruka lini. Kisha ana haki zake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka aliyelipwa kwa mwezi na kufanya kazi zaidi ya mwezi mmoja apewe notisi isiyopungua siku 28, na aliyemaliza mwaka au zaidi, akiachishwa kwa sababu gari limeuzwa, alipwe kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Dereva aliyekuletea hesabu kwa miaka 6 asisikie habari kwa mwosha magari.

Nizungumze sasa juu ya kadi, maana hapa niliumia mwenyewe. Miaka ya nyuma niliuza Canter yangu kwa mtu niliyemwamini. Tuliandikiana kwa wakili, nikampa kadi na ufunguo, akasema jina atabadilisha mwezi ujao. Hakubadilisha. Baada ya miaka 2 gari likakamatwa na mkaa usio na kibali, na namba ikaleta watu mlangoni kwangu. Nilitumia wiki nzima kueleza kuwa gari si langu huku kadi ikisema ni langu. Mkataba wa wakili ulinisaidia, lakini haukunizuia kukaa benchi.

Tangu hapo ninashikilia kwamba gari halijauzwa hadi jina limebadilika. Kubalianeni mapema, kwa maandishi, nani analipa ada ya uhamisho, ushuru wa stempu na kadi mpya. Nendeni pamoja, kila mtu na namba yake ya mlipa kodi na kitambulisho cha NIDA. Faini za barabarani zilipe zote kwanza, kwa kuwa mnunuzi akiingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi ataziona. Pesa ipite benki, nawe uione kwenye akaunti yako, si kwenye picha ya risiti uliyotumiwa kwa simu. Bima yenye jina lako haimhamii mnunuzi kwa sababu umempa ufunguo, na leseni ya LATRA naye aombe ya kwake. Gari la marehemu liuzwe na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama ndugu wote wamekubaliana sebuleni. Mali kauli, yaani mnunuzi aondoke na gari alipe polepole, mimi simshauri mtu: kadi itabaki kwako, na ajali pia.

Anayetunza hesabu za biashara akumbuke kodi ya mapato. Lori zito hupunguzwa thamani kwa asilimia 25 kila mwaka kwenye kiasi kilichobaki, na gari la mizigo lisilofika tani 7 kwa asilimia 37.5. Lori la milioni 60 baada ya miaka 4 hubaki vitabuni na karibu milioni 19. Ukiliuza 40, na huna mali nyingine katika kundi lile, zile milioni 21 zinazozidi zinahesabiwa kuwa mapato yako ya mwaka huo. Zitenge siku ya mauzo, kabla hazijawa bati na nondo.

Mzee wa Kongowe alishusha bodi. Lilinunuliwa na mtu wa Pugu aliyekuja na mbao zake mpya za sakafu. Chesisi ilikwanguliwa hadi chuma cheupe, tukakuta sehemu mbili za kuchomelewa, mzee akazichomelea na kumwonyesha mnunuzi kabla ya rangi. Kichwa na chesisi vilikwenda kwa kijana wa mchanga wa Mbande, akamchukua na dereva. Siku kadi mpya ilipotoka, mzee aliipiga picha kwa simu yake, jina la mtu mwingine likiwa juu yake, akanitumia bila neno lolote.